Vyuo vya ufundi vinapangwa upya: ukitaka kuelewa, tazama Nakuru

Kila matokeo ya KCSE yanapotangazwa, mazungumzo ya barazani huwa ni yale yale. Mtoto wa fulani kapata A, anakwenda kusomea udaktari. Wa fulani mwengine kapata B, ataitwa Nairobi. Hongera kwao, na Mwenyezi Mungu awabariki. Lakini wale wengine hawatajwi, na hao wengine ndio wengi. Mwaka 2024 waliofanya mtihani huo walikuwa 962,512. Waliopata C+ kwenda juu, ambayo ndiyo alama ya kuingilia chuo kikuu, walikuwa 246,391. Ukitoa, wanabaki vijana 716,121. Laki saba na zaidi, kwa mwaka mmoja tu.

Serikali imekuwa ikisema mlango wa hao ni TVET, yaani mafunzo ya ufundi na amali. Neno hilo twalisikia redioni kila siku, na kila baada ya miaka michache twaambiwa mfumo wake unapangwa upya. Wazazi wengi wa huku mwambao hawajui unapangwa vipi, wala nani anaupanga. Wanachokijua ni kwamba kijana wa Likoni ameletewa ujumbe kwa simu kuwa amepata nafasi ya kusomea umeme Nakuru, na sasa nyumbani kuna mabishano: apelekwe huko bara kwenye baridi, au akae hapa atafutiwe kibarua bandarini?

Nimechagua kulieleza jambo hili kupitia Nakuru kwa sababu mbili. Kwanza, watoto wetu wanapelekwa huko. Pili, katika kaunti ile moja utavikuta karibu vyuo vya kila aina, kila kimoja na mwenyewe wake, na ndipo utakapoona wapi hasa mfumo huu umekatika. (Najua kwa watu wa Mombasa jina la Naivasha halijakaa vizuri masikioni tangu mwaka 2019, tulipoona makontena yetu yanapandishwa reli kwenda bandari kavu. Tuliweke kando hilo kwa leo.)

Anza mjini Nakuru, uliofanywa jiji Desemba 2021. Kuna chuo kikubwa cha anuwai kinachoitwa Rift Valley National Polytechnic, ambacho watu bado wanakijua kwa jina la zamani, RVIST. Hiki ni mtoto wa harambee ya miaka ya 1970, pale wananchi wa kila mkoa walipochangishana kujenga vyuo vyao vya teknolojia. Leo kiko chini ya wizara ya elimu, na walimu wake wanaajiriwa na Tume ya Utumishi wa Umma. Katika mji huo huo kuna KITI, chuo cha mafunzo ya viwanda kilichoanzishwa mwaka 1965 kwa msaada wa Wajapani. Hiki kimelelewa na wizara ya biashara na viwanda. Shuka Naivasha utakuta chuo cha mafunzo ya maziwa, ambacho ni cha upande wa kilimo na mifugo, na taasisi ya mafunzo ya wanyamapori, ambayo ni ya upande wa utalii. Pale Njoro kuna Egerton, iliyoanza mwaka 1939 kama skuli ya kilimo ya walowezi, ikawa chuo cha diploma za kilimo, na mwaka 1987 ikawa chuo kikuu kamili. Halafu, vimetapakaa katika vijiji na mitaa, kuna vyuo vidogo vya ufundi vinavyoitwa VTC, ambavyo ni vya serikali ya kaunti. Humo mnasomeshwa useremala, ushonaji, uashi, kuchomelea vyuma, ususi na ufundi wa magari.

Hesabu wenyewe hao: wizara ya elimu, ya viwanda, ya kilimo, ya utalii, chuo kikuu chenye baraza lake, na gavana. Kijana mmoja wa Nakuru anaweza kujifunza kutengeneza injini kwa njia mbili au tatu zisizojuana, akatoka na vyeti viwili visivyofanana, na tajiri mwenye gereji asijue kipi kizito.

Haya hayakuzuka jana. Mwaka 1924 serikali ya kikoloni ilifungua pale Kabete kituo cha kuwafunza Waafrika kazi za mikono. Ndiyo chuo anuwai cha Kabete cha leo. Nia haikuwa siri: mtoto wa Mzungu asome vitabu atawale, mtoto wa Mwafrika ashike nyundo. Tangu hapo ufundi ukaingiwa na doa la kuwa elimu ya waliokataliwa, na wazee wetu waliopigania uhuru walitaka watoto wao wapate ile elimu nyengine, ya kalamu. Doa hilo halijatoka. Mzazi wa leo akisema "afadhali aende ufundi" ile afadhali yenyewe inatosha kumvunja moyo kijana. Na sisi Waislamu hatuna udhuru katika hili, maana twafunzwa tangu chuoni, na kwetu chuo ni madrasa, kwamba Nabii Daud alikula kwa kazi ya mkono wake na Nabii Zakariya alikuwa seremala.

Baada ya uhuru, tatizo la waliomaliza skuli ya msingi bila nafasi ya kuendelea likawa kubwa. Katika miaka ya 1960 Baraza la Makanisa la Kitaifa, NCCK, likaanzisha wazo la vyuo vya ufundi vya vijijini: kijana afunzwe kazi itakayomfaa pale pale kijijini kwake. Serikali baadaye ikavichukua. Vimepewa majina mbalimbali njiani, hadi leo vinapoitwa VTC. Jina limebadilika mara kadhaa, ila ukiingia ndani ya vingi utakuta cherehani na benchi za miaka mingi.

Sisi wa pwani tuna hadithi yetu katika hili, na ni hadithi inayouma kidogo. Mwaka 1951 ilianza kusomesha taasisi ya Waislamu ya Mombasa, MIOME, iliyojengwa kwa michango ya Aga Khan, Sultani wa Zanzibar, jamii ya Mabohora na serikali ya kikoloni, ili Waislamu wa Afrika Mashariki wapate elimu ya kiufundi. Vijana walitoka hadi Tanganyika, Unguja na Uganda kuja kusoma. Mwaka 1966 ikawa taasisi ya ufundi ya Mombasa, mwaka 1972 ikawa Mombasa Polytechnic, mwaka 2007 ikawa chuo kikuu kishiriki, na mwaka 2013 ikawa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, TUM. Kenya Polytechnic ya Nairobi ilipita njia hiyo hiyo na kuwa chuo kikuu mwaka huo huo.

Wengi walishangilia. Mimi naona hapo ndipo nchi ilipojikata mguu. Vyuo vile viwili ndivyo vilivyokuwa nguzo za daraja la kati, lile la fundi sanifu, mtu ambaye si mhandisi wa ofisini wala si kibarua, bali ndiye anayejua kwa nini pampu imezima. Ni kweli TUM bado inatoa diploma, lakini chuo kikuu kina hamu zake. Kinataka digrii, kinataka maprofesa. Egerton ya Njoro ilikuwa imekwisha kutangulia njia hiyo miaka mingi nyuma: chuo kilichokuwa kikitoa maafisa wa kilimo waliomfuata mkulima shambani kikageuka chuo kikuu chenye mambo mengi. Ilibidi nchi ianze upya kupandisha vyuo vyengine vijaze pengo. Hapa Mombasa ikapandishwa ile taasisi ya mafunzo ya ufundi ikawa Kenya Coast National Polytechnic, na kule Nakuru ikapandishwa RVIST.

Sasa tufike kwenye mpango mpya wenyewe. Msingi wake ni sheria ya TVET ya mwaka 2013. Sheria hiyo ilizaa vyombo vitatu, na inafaa mzazi avijue. Cha kwanza ni TVETA, ambacho kazi yake ni kusajili na kukagua vyuo na walimu wake. Chuo kisicho na leseni ya TVETA ni chuo bubu, hata kikiwa kwenye ghorofa ya kioo. Cha pili ni CDACC, kinachotunga mitaala, kutahini na kutoa vyeti. Cha tatu ni bodi ya fedha. Mwaka uliofuata, 2014, ikaja sheria nyengine iliyounda KNQA, chombo cha kupanga vyeti vyote vya nchi kwa ngazi, ili ijulikane cheti hiki kiko juu au chini ya kile.

Kwenye karatasi ni mpango mzuri. Tatizo ni kwamba vyombo vipya viliongezwa, vya zamani havikuondoka. KNEC, baraza lile lile la mitihani ya skuli, liliendelea kutahini wanafunzi wa vyuo vya ufundi. NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani iliyo chini ya wizara ya kazi, iliendelea na mitihani yake ya ufundi ya daraja la tatu, la pili na la kwanza, ile ambayo mafundi wetu wengi wanaiita tu "gredi". Kwa hivyo kwa miaka kadhaa imewezekana kabisa vijana wawili kukaa chumba kimoja cha bweni, wote wanasomea umeme, mmoja anajiandaa na mtihani wa KNEC na mwenzake na tathmini ya CDACC. Mpwa wangu alisoma katika chuo kimoja cha huko bara wakati wa mkanganyiko huo, akaanza kwa mtaala mmoja, na katikati ya safari wakaambiwa wenzao wanaoingia wanafuata mwengine. Alipomaliza na kuanza kutafuta kazi, swali la kwanza aliloulizwa halikuwa anajua nini. Aliulizwa: "Hiki cheti chako ni cha nani?"

Mtaala mpya unaitwa wa umilisi. Nitaueleza taratibu maana hapa ndipo penye faida, na pia ndipo penye hatari.

Zamani, na hivi ndivyo nilivyosoma mimi diploma yangu, ulikaa darasani miaka miwili au mitatu, ukaandika daftari hadi zikajaa, kisha ukafanya mtihani mmoja mkubwa mwisho. Nilimaliza nikijua kuichora mashini ambayo sikuwahi kuiwasha. Ukifeli somo moja, unarudia. Ukikosa karo mwaka wa pili ukarudi nyumbani, huna kitu mkononi, ni kama hukusoma.

Katika mtaala wa umilisi, kazi imekatwa vipande. Kila kipande ni jambo unaloweza kulifanya: kufunga nyaya za nyumba, kupima saketi, kutunza usalama. Mwalimu anakutathmini ukiwa unafanya, ushahidi wa kazi zako unawekwa kwenye faili, na mtahini wa nje anakuja kuthibitisha. Hupewi A wala D. Unaambiwa umefuzu au bado hujafuzu, na kama bado, unarudi kwenye kipande kile kile tu. Ngazi nazo zimepangwa kwa namba: ya nne ni ya fundi wa kawaida, ya tano ni ya cheti cha ufundi, ya sita ni diploma. Kisha serikali imeelekeza vyuo vyote vihamie mfumo wa moduli, yaani kila sehemu ya masomo inasimama peke yake. Ukimaliza moduli moja waweza kutoka, ukafanye kazi, ukarudi baadaye kuendelea ulipoachia.

Fikiria maana yake kwa kijana wa Diani au Watamu. Hoteli zinajaa kuanzia Desemba, ikifika Aprili mvua zikianza wageni wanaondoka na wafanyakazi wa muda wanarudishwa nyumbani. Kijana huyo anaweza kusoma moduli moja ya upishi katika miezi ya ukame wa wageni, akarudi jikoni msimu ukifunguka akiwa na kitu cha kuonyesha. Au kijana wa Naivasha anayefanya kazi mashamba ya maua, akasoma ufundi wa mabomba ya umwagiliaji kidogo kidogo. Mfumo wa zamani ulikuwa unamwambia: acha kazi miaka mitatu. Nani ana miaka mitatu?

Hatari ni hii. Huwezi kumfundisha mtu umilisi kwa chaki. Mtaala huu unataka kila mwanafunzi ashike chombo, na si wanafunzi arubaini wakimtazama mmoja anachomelea. Unataka nyaya za kukata na kutupa, unataka vijiti vya kuchomelea, unga na mafuta ya kupikia, vitambaa vya kuharibu. Hivyo vyote ni pesa, kila muhula. Na unataka mwalimu ambaye mwenyewe amefanya kazi hiyo nje, si aliyetoka darasani akaingia darasani.

Pesa hizo zinatoka wapi? Karo ya vyuo vya kiufundi vya serikali kuu iliwekwa shilingi 56,420 kwa mwaka, na serikali ikachukua ahadi ya kulipa 30,000 kwa kila mwanafunzi, nyengine ikawa mkopo wa HELB au mfuko wa mzazi. Mwaka 2023 mpango wa ufadhili ukabadilishwa tena, ukawa wa mgao wa ruzuku na mkopo kulingana na hali ya familia. Pesa za serikali mara kwa mara zinachelewa, na chuo kikicheleweshewa, cha kwanza kukatwa ni vifaa vya karakana, kwa sababu mshahara na stima haviwezi kungoja. Kwa familia zetu kuna jambo la ziada ambalo watunga sera wa Nairobi hawalioni haraka: mkopo wa HELB una riba, na wapo wazazi wasiougusa kwa sababu za dini. Kwao lile pengo linabaki wazi kabisa. Limezungumzwa mara nyingi suala la mkopo usio na riba, na wabunge wetu wa pwani wangefanya vyema kulishika kwa mikono miwili.

Vyuo vya kaunti hali yake ni nzito zaidi. Katiba ya 2010, katika jedwali lake la nne, ilikabidhi kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini pamoja na madrasa za chekechea, na elimu iliyobaki ikaachwa kwa serikali kuu. Mantiki ilikuwa kwamba gavana yuko karibu na kijiji. Sawa, lakini gavana pia ana hospitali, ana barabara za mashinani, na kila mwaka analia na Hazina. Kwa muda serikali kuu ilikuwa ikitoa ruzuku maalumu ya shilingi 15,000 kwa kila mwanafunzi wa VTC, ambayo ilisaidia vyuo hivyo kujaa. Ruzuku hiyo ikakatika, na tangu hapo kila kaunti inajitegemea. Iwe Nakuru, iwe Kwale au Kilifi, VTC inaishi kwa huruma ya bajeti ya kaunti. Mtoto aliyepata nafasi kwenye chuo anuwai cha kitaifa anafadhiliwa na dola. Mwenzake, ambaye mara nyingi ndiye maskini zaidi na ndiye aliyeacha skuli mapema zaidi, yuko VTC anangoja gavana apate nafasi. Kama kuna dhuluma moja katika mfumo huu wote ambayo ningeanza nayo, ni hii.

Tatizo la pili kubwa ni waajiri, na hapa Nakuru ina somo kuliko kaunti nyingi. Olkaria, ambako mvuke wa ardhini ulianza kuzalisha umeme mwaka 1981, iko ndani ya kaunti hiyo. Menengai, kisima chengine cha mvuke, iko juu kabisa ya jiji la Nakuru. Kazi ya mvuke inataka wachomeleaji wa mabomba ya presha kubwa, mafundi wa pampu, wa umeme, wa vipimo. Kuzunguka ziwa la Naivasha kuna mashamba ya maua yenye mashini za baridi, pampu na malori. Utadhani vyuo vya jirani vingekuwa vinagombaniwa na viwanda hivi. Lakini namna mambo yanavyokwenda nchini, mwanafunzi anapofika wakati wa atachimenti anapewa barua na chuo, kisha anazunguka nayo mwenyewe getini kwa geti akiomba apokewe. Anayefahamiana na mtu anaingia. Asiyefahamiana anaishia kupigiwa muhuri kitabu chake na mwenye duka. Sisi tulio karibu na bandari twaijua vizuri picha hii, haina haja ya kuelezwa.

Ujerumani mambo yameanza upande wa pili: kijana anasaini mkataba na kampuni kwanza, anakaa kazini siku tatu au nne za wiki na skuli siku moja au mbili, na analipwa kitu. Kenya imeanza kujaribu mtindo huo katika vyuo vichache. Lakini kabla hatujaenda Ujerumani, tukumbuke Matondoni, kule Lamu, jahazi zinajengwa vipi. Mtoto anaanza kwa kuokota misumari na kupasha lami, anapewa randa baada ya miaka, na siku moja fundi anamwachia ubao mzima. Hapo kazi ndiyo skuli yenyewe. Kilichokosekana ni karatasi.

Na karatasi hiyo sasa inawezekana. Miongoni mwa mabadiliko yote haya, lile ambalo watu wa pwani wanalijua kidogo kuliko yote ni utambuzi wa ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Fundi ambaye hakusoma chuo chochote, lakini amefanya kazi miaka kumi, anaweza kwenda kwenye kituo kilichoidhinishwa, akatathminiwa kwa anachokifanya na akapewa cheti cha ngazi anayostahili. Ile mitihani ya gredi ya NITA nayo ipo tangu zamani kwa watu wa aina hiyo, na NITA ina kituo chake Mombasa. Mchonga milango wa Lamu, fundi wa bomba wa Majengo, dada anayeshona mabuibui Old Town, wote hawa ni wahusika. Vijana wanaotaka kwenda Ghuba hasa walitilie maanani, kwa sababu tofauti ya kufika kule kama fundi mwenye cheti na kufika kama kibarua ni tofauti ya mshahara, na mara nyengine ni tofauti ya kuheshimiwa kama mtu.

Turudi kwa waajiri. Kisheria, kila mwajiri Kenya anatakiwa kulipia tozo ya mafunzo ya viwandani shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, inayokwenda NITA. Piga hesabu. Kiwanda chenye watu 100 kinalipa 5,000 kwa mwezi, 60,000 kwa mwaka. Kwa ile karo ya 56,420, hiyo ni ya mwanafunzi mmoja na chenji kidogo. Kiwanda cha watu mia kinachangia kumfunza mtu mmoja, na hata hizo kinaweza kuzidai kikionyesha kimewafunza wafanyakazi wake.

Jirani zetu Tanzania walichagua njia nyengine. Kwa sheria ya mwaka 1994 waliunda VETA, mamlaka moja yenye vyuo vyake, yenye alama inayojulikana na kila fundi kutoka Tanga hadi Mbeya. Na waliiwekea tozo ambayo ni asilimia ya mishahara yote anayolipa mwajiri. Ilikuwa asilimia 6, ikapunguzwa hatua kwa hatua hadi 3.5, na sehemu yake ndiyo inayokwenda kwenye mafunzo ya ufundi. Mishahara ikipanda, mfuko nao unapanda. Zanzibar nao wana mamlaka yao ya mafunzo ya amali. Sisemi kwao ni peponi, nao wana manung'uniko yao. Lakini ukimuuliza mtu wa Dar es Salaam cheti cha ufundi kinatoka wapi, anakujibu kwa neno moja. Muulize mtu wa Nakuru au Mombasa, utakunywa kahawa vikombe viwili kabla hajamaliza kueleza.

Kwa maoni yangu basi, kazi iliyobaki si kuunda chombo kipya wala kubandika kibao chengine getini. Vyeti vya ufundi vitoke mlango mmoja, na NITA na CDACC waamue kati yao nani yuko mlangoni. Pesa zimfuate mwanafunzi popote alipo, VTC au chuo cha kitaifa, bila kuuliza kama geti ni la gavana au la waziri. Na ile shilingi 50 igeuzwe asilimia, hata ikiwa ndogo. Waajiri watapiga kelele. Wakipiga kelele angalau tutajua wapo.

Haraka ipo pia. Kundi la kwanza la watoto wa CBC, la kuingia sekondari ya juu Januari 2026, litamaliza mwaka 2028. Hawa wamelelewa tangu madarasa ya chini wakiambiwa kila mtu ana kipaji chake na mkono una thamani sawa na kalamu. Wakifika vyuoni wakakuta mashini moja kwa wanafunzi arubaini, watatuuliza.

Kwa mzazi ambaye barua ya chuo iko mezani sasa hivi, iwe ya Nakuru au ya Kisauni, usiangalie umbali kwanza. Hakikisha chuo kiko kwenye orodha ya TVETA, na kozi yenyewe pia, maana chuo chaweza kuwa na leseni na kozi isiwe nayo. Uliza mtahini ni nani na cheti kitakuwa ngazi ya ngapi. Uliza kama wanasoma kwa moduli, na mtoto akitoka baada ya moduli ya kwanza atapewa nini. Omba kuonyeshwa karakana, tena siku ya kazi, sio siku ya wageni. Na uliza wanafunzi wa mwaka jana walifanyia atachimenti wapi, utajiwe kampuni kwa majina. Ukianza kuzungushwa hapo, chukua makaratasi ya mtoto wako uende chuo cha pili.